Jiwe la Muheza: kimondo, au mavi ya chuma?

Mama mmoja mkulima ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Mimi niko Muheza. Mwezi uliopita tulikuwa tunachimba shimo la choo pembeni ya michungwa yetu, kwenye ardhi ambayo zamani ilikuwa shamba la mkonge, si mbali na reli. Tulipofika kina cha goti tukakutana na jiwe jeusi, ukubwa wake kama nazi iliyofuliwa, zito ajabu. Mizani ya dukani ilisema kilo 2 na gramu 600. Sumaku ya spika mbovu inalishika, ila si kwa nguvu. Lina mabonde mabonde, na mahali sururu ilipolichubua ndani ni kijivu chenye vitundu vidogo. Siku mbili kabla, mume wangu aliona kimondo kikiangukia upande huo huo. Bibi anasema ni jiwe la radi. Kuna mtu wa mjini Tanga anasema ni kimondo kweli, tumpe laki tatu akalipime, halafu atatutafutia mzungu wa kulinunua kwa mamilioni. Nimekutumia picha nne. Tufanye nini?"

Marahaba mwanangu.

Kabla ya jiwe, fedha. Hizo laki tatu msitoe, hata robo yake. Mtu anayetaka kununua kitu hamtozi mwenye nacho ili amnunulie. Mchezo huu haukuanza na vimondo. Tanga tumeuona kwenye rupia za Mjerumani, kwenye ramani za mali iliyofukiwa wakati wa vita, kwenye zebaki nyekundu. Bidhaa inabadilika jina, maneno yanabaki yale yale. Mzee mmoja wa Pangani aliwahi kunijia akiwa ameshauza mbuzi wanne kulipia "vipimo" mara tatu mfululizo. Alichopewa ni karatasi yenye mhuri na neno kimondo, bila namba hata moja. Karatasi ya maabara ya kweli imejaa namba: asilimia ya chuma, ya nikeli, ya kromiamu, ya manganisi. Ikikosa namba, basi huyo aliyeiandika hakupima chochote. Niliumia kumwambia yule mzee ukweli, na ndiyo maana kwako naanza na hili.

Sasa jiwe lenyewe. Nimeziangalia picha zako kwa muda mrefu, na nitakuambia ninachoamini, kisha nikupe njia ya kunihakikishia au kunipinga ukiwa hapo hapo nyumbani. Naamini hilo ni mavi ya chuma: ule uchafu ulioyeyuka na kuganda tanuri linapoyeyusha chuma au mhunzi anapokipika. Sababu yangu kubwa ni vile vitundu ulivyovitaja na vinavyoonekana wazi kwenye picha ya tatu.

Kitundu cha duara ndani ya jiwe ni povu la hewa. Kitu kilikuwa uji wa moto, gesi ikawa inatoka, uji ukaganda kabla povu halijapasuka. Hutokea kwenye tanuri, na hutokea kwenye volkano. Vimondo karibu vyote havina historia hiyo. Mawe hayo yalitengenezwa miaka kama bilioni 4.5 iliyopita ndani ya vijidunia vidogo vinavyolizunguka jua, mengi yake bila kuyeyuka kabisa, na yaliyoyeyuka yalipoa polepole mno. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa kimondo hupita angani kikiwaka, basi lazima kiwe kimechemka mpaka ndani. Sivyo. Safari ya moto ni ya sekunde chache tu. Kinachoyeyuka ni ngozi ya nje, na hiyo inapeperushwa na upepo papo hapo, ndani kukibaki baridi kama kulivyokuwa huko kulikotoka. Kinachobaki ni gamba jembamba jeusi, kwa kawaida halifiki milimita mbili, kama rangi iliyopakwa mkono mmoja. Upo ubaguzi, na ni haki yako kuujua: jiwe la Ibitira, lililoanguka Brazil mwaka 1957, lina vitundu vya kweli. Lakini mawe ya namna hiyo yanahesabika kwa vidole kati ya makumi ya maelfu ya vimondo vinavyojulikana duniani.

Angalia tena picha ya tatu, pale sururu ilipochubua. Kama lingekuwa kimondo cha mawe, tungeona mstari mwembamba mweusi pembeni, halafu ghafla rangi nyingine ndani, kijivu cha saruji au kahawia ikiwa kutu imeingia. Kwako weusi unaingia ndani hatua kwa hatua, hauna mpaka. Na yale mabonde ya juu ni kweli yanafanana na alama za vimondo, lakini angalia kingo zake. Mabonde ya kimondo ni laini, mapana, kama unga wa maandazi uliobonyezwa kwa kidole gumba. Ya kwako yana ncha na mikunjo, mithili ya nta iliyochuruzika kwenye mshumaa.

Kuhusu kile alichokiona mumeo, simkatalii, naamini alikiona. Lugha yetu inatumia neno kimondo kwa vitu viwili, mstari wa mwanga unaopita usiku na jiwe linalofika chini, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Mistari mingi ile ni punje ndogo kuliko mtama. Inaingia kwenye hewa kwa kasi ya kati ya kilometa 11 na 72 kwa sekunde, inawaka na kwisha ikiwa bado juu kilometa 80 au zaidi. Hakuna kinachofika ardhini. Hata mawe makubwa, yale yanayotupa mwanga hadi vivuli vikaonekana chini, moto wake huzimika yakiwa kilometa kama 20 au 30 juu. Kutoka hapo jiwe linadondoka gizani bila cheche yoyote. Kwa hiyo mwanga uliouona ukishuka mpaka nyuma ya minazi ya jirani, ujue ulikuwa mbali mno, pengine mamia ya kilometa. Mvuvi wa Kigombe ataapa kimeangukia Pemba. Aliyesimama Pemba ataapa kimezama baharini mashariki. Wote wawili wameona kitu kimoja, na wote wawili macho yamewadanganya.

Mwulize mumeo kama alisikia sauti. Hili ni swali ambalo sisi tunaofuatilia mambo haya tunalipenda kuliko yote. Aliye karibu na jiwe linapoangukia husikia mngurumo kama wa radi au mizinga, na husikia baadaye, dakika moja au zaidi baada ya mwanga, kwa sababu sauti hutumia kama sekunde tatu kwa kilometa moja. Mwanga wa kimya ni wa mbali.

Zaidi ya hayo, jiwe lako halikuwa na siku mbili humo ardhini. Picha ya pili, mliyoipiga likiwa bado shimoni, inaonyesha mizizi midogo imelizunguka na udongo wa juu yake umeshikana sawa na wa pembeni. Jiwe la kilo mbili na nusu likitua kwenye udongo wenu lingeacha shimo bichi la kina kifupi mngeliona mkiwa mmesimama, na lisingezama hadi goti huku udongo ukijifunika wenyewe. Hilo limelala hapo miaka mingi.

Bibi naye nampa heshima yake. Radi yenyewe ni umeme, haiji na jiwe. Ikipiga mchanga mkavu inaweza kuuyeyusha ukawa kama mrija wa kioo unaokwaruza kwa nje, na huo ni mrija mwepesi, dhaifu, hauna kilo mbili. Katika nchi nyingi kilichohifadhiwa kwa jina la jiwe la radi ni shoka la mawe la watu wa kale. Mvua kubwa ya radi inamomonyoa udongo, asubuhi shoka limelala juu, na mtu anaunganisha mambo mawili. Lakini naomba umwulize bibi kama aliwahi kusikia, tangu utoto wake, habari za jiwe lililoanguka kwa kishindo upande wa Bonde au milimani Usambara. Nasema hivi kwa moyo wote. Mwaka 1853 jiwe la uzito wa nusu kilo na kidogo lilianguka nchi ya Waduruma, nyuma ya Mombasa, ukanda huu huu wetu wa pwani, na leo linajulikana duniani kote kwa jina la Duruma. Linajulikana kwa sababu watu waliliona likianguka, wakaliokota, wakalitunza. Masikio ya wazee ni chombo cha utafiti.

Sasa niseme kwa nini mkoa wetu unachosha watafuta vimondo. Kuna sehemu za dunia, kama Sahara na barafu ya Antaktika, ambako jiwe jeusi juu ya ardhi tupu lina nafasi nzuri ya kuwa limetoka juu, kwa sababu hakuna kitu kingine cheusi hapo, na ukavu au baridi imelihifadhi. Tanga ni kinyume chake kabisa. Mvua za masika na vuli hula chuma cha kimondo cha mawe kikageuka kutu na udongo. Na wakati huo huo mkoa umejaa vitu vyeusi, vizito, vinavyoshika sumaku, vilivyotengenezwa hapa hapa.

Kwanza watu. Wahunzi walifua chuma Usambara na Upare vizazi vingi kabla ya meli ya mkoloni kutia nanga, na tanuri zao ziliacha mavi ya chuma ambayo majembe bado yanayafukua. Kisha ikaja reli, iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 na kufika Muheza 1896. Penye reli pana karakana, pana garimoshi la moto, pana majivu yaliyogandana na vipande vya chuma vilivyotupwa pembeni. Mwaka ule ule 1893 ndipo mkonge ulipoletwa nchini, na kila shamba kubwa lilikuwa na korona yake, ile mashine ya kuchambua nyuzi za mkonge, injini zake na mafundi wake wa vyuma. Uliniambia shamba lenu lilikuwa la mkonge na liko karibu na reli. Mwanangu, hapo jiwe lako limeshajieleza nusu.

Halafu kuna vita. Tarehe 3 hadi 5 Novemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana Tanga mjini, na manowari ya Kiingereza Fox ikarusha mizinga kutoka baharini. Vipande vya chuma vya mizinga vikilala kwenye udongo zaidi ya miaka mia hutoka vimevimba kutu na vina mabonde ya kuvutia sana. Hapa nakuomba uwe makini, wewe na majirani: kitu cha chuma chenye umbo la chupa au mcheduara, chenye mkanda wa shaba au hesi za skrubu, msikiguse, msikigonge, msikipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwiteni polisi. Lako halina dalili hizo, ila habari hii huwa nairudia kila ninapopata nafasi.

Wengine huniletea matufe ya chuma, duara kamili, mazito, yamependeza. Mvuvi mmoja wa Tongoni alilitunza moja ndani ya kitambaa cha hariri. Hayo hutoka kwenye vinu vya kusagia, kama vile vya viwanda vya saruji, ambamo matufe ya chuma huzungushwa pamoja na klinka, yale madonge ya saruji yaliyochomwa, mpaka iwe unga. Yakichakaa yanatupwa, yanauzwa, watoto wanayabeba. Kimondo hakiji kikiwa duara kamili.

Na miamba yenyewe ya Tanga haisaidii. Milima ya Usambara ni mawe ya kale yaliyopikwa chini sana ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, yenye madini meusi na magarneti mekundu. Humo mna magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku kwa nguvu kuliko hata vimondo vingi. Mito inayabeba hadi pwani, ndiyo maana wimbi likirudi kwenye fukwe zetu huacha mistari ya mchanga mweusi. Ukiburuta sumaku ndani ya mchanga ule itatoka na ndevu. Kwa hiyo mtu akikuambia "sumaku imeshika, basi ni kimondo," ujue hajawahi kutembea ufukweni akiwa na sumaku mfukoni.

Tuje kwenye vipimo. Unahitaji vitu vilivyomo nyumbani.

Cha kwanza na bora kuliko vyote ni kupima uzito kwa ujazo. Neno "zito ajabu" linatuambia hisia ya mkono, na mkono hudanganyika. Tafuta mizani ya kuning'iniza, ile ya wanunuzi wa samaki au nafaka. Lifunge jiwe kwa kamba nyembamba, lipime likiwa hewani. Kisha lizamishe lote kwenye ndoo ya maji, likiwa bado linaning'inia, lisiguse chini wala pembeni, usome tena. Maji yatalipunguzia uzito, na kilichopungua, kwa gramu, ndicho ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Ukigawa uzito wa hewani kwa hicho kilichopungua, umepata jibu. Tuseme lako lina gramu 2,600 hewani na majini linasoma 1,750. Kimepungua 850. Gawanya 2,600 kwa 850, unapata 3.06. Jiwe la kawaida la granite lina 2.7 hivi. Vimondo vya mawe vya kawaida viko kati ya 3.2 na 3.8. Magnetaiti na hematiti, madini mengine ya chuma, zinakaribia au kupita 5. Chuma, kiwe cha mbinguni au cha kiwandani, ni 7 na zaidi. Kwa ukubwa wa nazi iliyofuliwa nadhani lako litatua kwenye 3 au chini yake, kwa sababu ya yale mapovu. Chukua vipimo mara tatu, uniandikie vyote vitatu, hata kama havilingani. Hasa kama havilingani.

Cha pili ni mstari. Chukua kigae cha sakafuni, kigeuze upande wa chini usio na ng'aro, ulikwaruze jiwe hapo kwa nguvu kama unaandika kwa chaki. Likiacha mstari mwekundu wa kahawia, ni hematiti. Mweusi au kijivu kilichokolea, elekea magnetaiti. Kimondo kwa kawaida hakiachi mstari wa maana, kikiwa hakijala kutu. Mavi ya chuma nayo mara nyingi hayaachi kitu, kwa hiyo kipimo hiki kinaweza kulikataa jiwe, hakiwezi kulithibitisha.

Cha tatu tunakiita dirisha. Chagua kona moja ndogo, pale pale palipochubuliwa na sururu, uisugue kwa msasa wa maji mpaka upate eneo laini la ukubwa wa kucha. Osha, kausha, tazama kwenye jua kwa lenzi au kwa kamera ya simu ukiisogeza karibu. Vimondo vingi vya mawe vinaonyesha vitu viwili ambavyo ukishaviona mara moja hutavisahau. Kuna madoa ya chuma cheupe kinachong'aa kama fedha, yametawanyika ndani ya jiwe lote. Na kuna punje za duara, ndogo kama ulezi au ndogo zaidi, zimeshikana. Wataalamu huziita kondruli. Ni matone yaliyoganda yakielea kabla dunia haijakuwepo, na hakuna jiwe la duniani lililo nazo. Ukiona kondruli kwenye dirisha lako, nitapanda basi la Muheza siku hiyo hiyo. Ukiona mapovu, kioo cheusi, au vipande vya chokaa na mkaa vilivyomezwa, tumemaliza. Na ukiona chembe nyeupe angavu za kwatzi, yale mawe kama kioo cha maziwa, tumemaliza pia. Kimondo hakina kwatzi ya kuonekana kwa macho.

Sasa yale ya kutofanya, na hapa nasihi kwa dhati. Usilipasue kwa nyundo. Usilichome. Nimeona watu wakitia jiwe kwenye jiko la mkaa "ili chuma kitoke"; kama lingekuwa kimondo, joto lile lingefuta habari zilizodumu mabilioni ya miaka. Usiloweke kwenye tindikali ya betri. Na sumaku uliyotumia inatosha, usiendelee, wala usimruhusu mtu aje na sumaku kali za siku hizi, zile ndogo za kung'aa. Watu wengi hawajui hili: baadhi ya vimondo vimehifadhi ndani yake alama ya usumaku wa dunia vilikotoka, na sumaku ya mkononi inaifuta kwa mguso mmoja. Jiwe maarufu la Mirihi linaloitwa NWA 7034, lililopatikana jangwani Afrika Kaskazini, lilipoteza kumbukumbu hiyo kwa sababu ya sumaku za watafutaji na wauzaji. Kama ni lazima kujaribu, tumia dira: sogeza jiwe karibu, uangalie kama sindano inageuka.

Ikiwa baada ya yote hayo bado kuna shaka, swali linalobaki ni la nikeli. Chuma cha kimondo huwa na nikeli kila wakati, kwa kawaida kuanzia asilimia 5 kwenda juu. Mavi ya chuma na magnetaiti hazina nikeli ya maana. Mashine ya mkononi ya kupimia madini, ile yenye umbo la bastola, inasoma hilo kwa sekunde chache. Lakini nikeli peke yake isikupofushe, kwa sababu chuma cha pua cha vijiko na sufuria nacho kinayo. Tofauti ni kwamba cha pua kina kromiamu nyingi pamoja nayo, na chuma cha kimondo kwa kawaida hakina kiasi hicho. Ndiyo maana nilikuambia kuhusu karatasi yenye namba.

Ukitaka kuona chenyewe kinavyokuwa, nchi yetu ina mfano ambao watu husafiri mabara kuja kuuona. Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, ni pande la chuma lenye urefu wa kama mita tatu na uzito unaokadiriwa tani 16. Watu wa hapo walikijua zamani. Kwa wataalamu wa nje kiliandikwa mwaka 1930. Asilimia kama 90 yake ni chuma, na nikeli ni kati ya 8 na 9. Ukisimama mbele yake utayaona yale mabonde ya kidole gumba niliyokusimulia, kwa kipimo cha kutosha mtu kulaza kichwa.

Ila Mbozi ametuharibia macho kidogo, maana kila Mtanzania sasa anatafuta chuma. Mkoa ule ule, tarehe 16 Desemba 1938, lilianguka jiwe jingine huko Ivuna, gramu 705 tu zilizookotwa. Halikuwa chuma. Lilikuwa jeusi, laini, linamomonyoka kama mkaa mbichi, na mtu angeweza kulipita bila kuinama. Leo kundi zima la vimondo adimu kuliko karibu vyote linaitwa kwa herufi CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Muundo wake, ukiondoa gesi, unakaribiana na wa jua lenyewe. Wajapani walipoleta mchanga kutoka kwenye kijidunia Ryugu mwezi Desemba 2020, gramu tano na kidogo kwa chombo kilichosafiri miaka sita, walikuta unafanana na mawe ya kundi hilo, kundi la kijiji cha Tanzania. Kila nikilifikiria hili hujiuliza ni mawe mangapi ya aina hiyo yameanguka Handeni, Kilindi na Korogwe, yakanyeshewa masika moja, yakawa tope. Lile la Ivuna liliokolewa kwa sababu mtu aliliokota mapema.

Kwa hiyo kama dirisha au namba za maji zitanipinga, fanya hivi. Lifunge jiwe kwenye karatasi safi, uliweke pakavu, mbali na jikoni. Andika tarehe, kina, na mahali lilipotoka. Simu yako inaweza kukupa namba za ramani, zipige picha. Usiokote na kutupa vipande vingine vilivyo karibu, viache na vyenyewe uviandike. Kisha nenda kwa Afisa Madini Mkazi, Tanga, umwombe akuelekeze, au jiwe lipelekwe Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyoko Dodoma, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa wanajiolojia. Dai risiti yenye uzito wa jiwe ulioandikwa. Ili kimondo kipya kitambuliwe na kupewa jina na Meteoritical Society, jumuiya ya kimataifa ya watafiti hawa, lazima sehemu yake ihifadhiwe kwenye taasisi ya kudumu: gramu 20, au asilimia 20 kama jiwe ni dogo. Anayekutaka umpe jiwe lote kimya kimya, alivushe mpaka, hana nia ya kulipatia jiwe jina la Muheza. Kusafirisha sampuli za miamba nje ya nchi kunahitaji kibali.

Na kama, kama ninavyoamini, ni mavi ya chuma, naomba usilitupe kwenye barabara pamoja na kokoto. Rudi kwenye shimo uangalie kuta zake. Je, kuna tabaka la mkaa? Udongo mwekundu ulioungua ukawa mgumu kama tofali? Vipande vya mrija wa udongo wa mfinyanzi, unene wa kama mkono wa mtoto? Kama vipo, mmechimba choo chenu juu ya kiwanda cha mhunzi wa kale, wa mivukuto, aliyepuliza moto hapo kabla reli haijafika. Katika hali hiyo simamisheni kuchimba kwa siku chache, sogezeni choo kidogo kama nafasi ipo, na uniandikie haraka kuliko vile ambavyo ungeniandikia kuhusu kimondo. Kama hamna mkaa wala mirija, na badala yake mnakuta misumari, vipande vya mabati na chupa nene za zamani, basi ni jalala la karakana ya mkonge.

Nasubiri namba tatu za mizani, picha ya dirisha iliyopigwa juani, na picha ya kuta za shimo. Mpe bibi shikamoo yangu, na lile swali la kishindo usisahau kumwuliza.